Mzee Hataki na Mwanawe Kinyozi

Watu husema kinyozi hajinyoi, na katika nyumba hiyo maneno hayo hayakuwa fumbo. Baba alikuwa kinyozi, mwana alikuwa kinyozi, na kwa kuwa hakuna binadamu anayekiona kisogo chake, ilibidi wanyoane. Kila mwisho wa juma mwana aliketi kwenye kigoda sebuleni akanyolewa na baba yake, kisha wakabadilishana. Jambo hilo halikukatika hata walipokuwa wamenuniana, na walinuniana kwa muda mrefu.

Ugomvi wao ulitokana na mkono wa mzee. Mzee alikuwa amenyoa vichwa vya mtaa huo tangu enzi za mashine za kubana kwa kiganja, zile zilizokata nywele nusu na kunyofoa nusu. Alinyoa watoto hadi wakawa mababu. Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, kwanza kidogo, kama wa mtu aliyekunywa kahawa kupita kiasi, baadaye kwa namna ambayo hata yeye hakuweza kuificha. Siku moja akamkata mteja sikio. Mteja mwenyewe hakulalamika. Alikuwa rafiki yake wa miaka mingi, akaketi tu ameshikilia pamba sikioni huku akimpa pole aliyemkata. Lakini jioni hiyo, wakifunga duka, mwana alimwambia baba yake kwa upole wote aliokuwa nao kwamba sasa apumzike. Mzee alivua koti lake jeupe la kazi, akalikunja vizuri, akaenda nalo nyumbani, na hakukanyaga tena dukani.

Kuanzia hapo akawa anaongea na mwanawe kwa kupitia mke wake. Wako meza moja, sahani zinagusana, mzee anasema, "Mwambie mwanao taa ya choo imeungua." Mama anageuka na kusema baba yako anasema taa ya choo imeungua. Mwana anajibu, mwambie nimesikia. Mama alichoka kufanywa mnara wa simu. Aliwaambia wazi kwamba siku akifa yeye, nyumba hiyo itabaki gizani kwa kukosa mtu wa kupeleka habari za taa. Walicheka wote wawili, kila mmoja akiangalia upande wake.

Ila siku ya kunyoana ikifika, mwana, ambaye sasa ndiye kinyozi pekee, aliketi kigodani na kuinamisha kichwa chini ya mkono uleule unaotetemeka. Wembe ulimchuna mara kwa mara nyuma ya sikio. Hakuwahi kushtuka, wala hakuwahi kupapasa mahali palipouma hadi mzee awe ameondoka.

Ugonjwa ulipoingia nchini, maduka ya vinyozi yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kufungwa, maana huwezi kumnyoa mtu ukiwa mbali naye. Kinyozi aliteremsha mlango wa bati, akabeba mashine zake kwenye mfuko, akarudi nyumbani kukaa. Alikuwa mtu mzima aliyerudi kwa wazazi baada ya ndoa kumshinda, analala kwenye kitanda cha utotoni ambacho miguu yake ilitokeza nje, na sasa hata kazi ya kumtoa mlangoni asubuhi hakuwa nayo. Alizifuta mashine zikang'aa, akazitia mafuta, akazifuta tena. Mama alimwambia akiendelea hivyo atazimaliza.

Aliyempa wazo ni mdogo wake wa kike. Huyo alikuwa mji mwingine, akifanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutengeneza picha, nalo lilikuwa limefungwa. Alimpigia kaka yake akamwambia watu wamejifungia ndani wanajinyoa wenyewe, wanatokea na vichwa kama vilivyoliwa na panya. Kwa nini asirekodi video fupi za kuwafundisha, amtumie, naye azikatekate na kuziweka mtandaoni? Wazo lilikuwa zuri, ila kichwa cha kufundishia kilikuwa kimoja tu ndani ya nyumba ile. Mama akapeleka ombi kama ilivyo desturi. Mzee alikataa, kisha akakumbuka kwamba siku yenyewe ilikuwa ya kunyolewa, akaketi.

Kinyozi aliegemeza simu kwenye kopo la poda dirishani, akaibonyeza, akaanza kuwaeleza wasiomwona kwamba leo tutapunguza pembeni na kuacha nyingi juu.

"Sitaki," mzee akasema. Hakujua kama simu inarekodi.

Mwana akapendekeza basi achonge ndevu.

"Zimekukosea nini?"

Kila alichopendekeza, mzee alikikataa, jicho moja amelifumba nusu na mdomo ameupinda kama aliyeramba jiwe la shabu linalopakwa baada ya kunyoa. Mwishowe kinyozi alisahau somo lake, akasimama na mashine inayonguruma mkononi, hajui aanzie wapi. Mdogo wake alipoipata video hiyo aliondoa mafundisho yote akaacha makatazo peke yake. Kesho yake simu ya kinyozi ilikuwa ya moto kwa ujumbe wa watu asiowajua. Walicheka, walitaka nyingine, walisema huyu ndiye baba yao kabisa. Hivyo ndivyo alivyozaliwa Mzee Hataki.

Wakaanza kutunga. Leo mzee anatakiwa apakwe rangi ya nywele, kesho mwana anataka kumchora mistari kichwani kama kijana. Hakuna aliyekuwa amemfundisha mzee kuigiza, lakini alijua mahali pa kunyamaza. Mwana angeongea na kuongea, mzee angesubiri, asubiri tena, halafu aseme neno lake moja, na mama jikoni akasikika akicheka kabla hajaziba mdomo. Lile koti jeupe likatolewa kabatini, likapigwa pasi. Watu waliukata uso wa mzee wakaufanya stika. Ukimwomba mtu kitu asichotaka kukupa, alikurushia uso wa mzee. Wafanyakazi waliwarushia mabosi, wake waliwarushia waume. Mzee alijifanya hajali, ila kila asubuhi alimpigia binti yake simu amsomee maoni ya watu, na akisomewa haraka aliuliza mbona unaruka.

Mambo ambayo wafuasi hawakuyaona ni yale ya katikati. Kati ya kuchukua kipande kimoja na kingine kulikuwa na kusubiri: mwanga ugeuke, jirani azime redio, mama amalize kusonga ugali. Simu iliendelea kurekodi, na wale wawili waliokuwa wakitumiana salamu kupitia mama wakajikuta wanaongea. Mzee alisimulia jinsi alivyojifunza kunyoa kwenye kichwa cha ndugu yake, aliyekaa na kofia msimu mzima. Alimwonyesha mwana namna ya kuvuta ngozi ya shingo la mtu mnene. Siku moja, akiwa amefungwa shuka shingoni, akamwambia mwana akimtazama kwenye kioo.

"Siku ile ulinifukuza kazi vizuri. Ingekuwa mimi, ningekufukuza vibaya."

Kinyozi akapuliza nywele kwenye mashine ambayo haikuwa na nywele. Kisha mwanga ukawa mzuri, wakaendelea na mchezo.

Simu ilikuwa ndogo na ilijaa upesi. Kila jioni kinyozi alichagua vipande vya kuchekesha, akamtumia mdogo wake, vingine akavifuta ili kesho apate nafasi.

Video iliyotia fora kuliko zote ni ile ya kufa. Mwana anatangaza kwamba leo kipara, hakuna mjadala. Mzee anamtazama, anafumba macho, kichwa kinaanguka begani, mkono unaning'inia. Mwana anamtikisa. Anaweka sikio kifuani. Anapiga kelele, "Mama, baba amekufa," na sauti ya mama inatoka jikoni bila haraka yoyote: "Mwambie chai iko tayari." Mzee anafungua jicho moja.

Watu waliokuwa wamefungiwa na hofu ya kifo wakakicheka kifo wiki nzima. Neno la mama likawa msemo. Mtu akilala kazini, mwambie chai iko tayari. Timu ikifungwa, mwambie chai iko tayari.

Umaarufu ukaanza kugonga geti. Masharti yalipolegezwa kidogo, vijana walikuja kupiga picha na Mzee Hataki. Kinyozi aliwaambia wasimame mbali, na wengi walitii. Lakini mzee alikuwa amekaa ndani muda mrefu, na kabla ya hapo alikuwa amekaa muda mrefu zaidi bila mtu kumhitaji. Akisikia geti alivaa koti lake akatoka. Barakoa aliiteremsha kidevuni. Mwana alipomkanya alisema, "Watanijuaje nikiziba uso?" Binti mmoja alilia kwa furaha akamkumbatia. Mzee akampigapiga mgongoni kwa mkono wake unaotetemeka, akarudi ndani anatabasamu, akamwambia mkewe kwamba huyo mtoto amevuka mji mzima kuja kumwona yeye.

Hakuna ajuaye kama ni huyo aliyemletea ugonjwa, au mwingine, au ni kinyozi mwenyewe aliyekwenda sokoni. Kinyozi aliipiga hesabu hiyo kwa kila njia na haikumtoka kamwe.

Ilianza kwa chai. Mzee alisema haina ladha, mama akaongeza sukari, mzee akasema bado. Kisha kikohozi, kisha kupumua kama mtu anayepanda ngazi hali ameketi. Waliomchukua walikuja mchana wamevaa mavazi meupe toka kichwani hadi miguuni, na mmoja wao, akimsaidia kupanda gari, akasema kwa heshima, "Mzee Hataki, leo utataka tu." Mzee alijitahidi kukunja uso ule wake. Haukukunjika vizuri. Getini pa hospitali jamaa waliambiwa mwisho ni hapo.

Habari walizipata kwa muuguzi mmoja aliyempigia kinyozi kila alipomaliza zamu. Alimwambia wodi nzima inamjua baba yake, na wagonjwa wenye nguvu wanamwamkia kwa jina lake la mtandaoni. Siku ya mwisho alipiga mapema kuliko kawaida. Alimweleza kwamba alfajiri walipotaka kumbadilishia mashine ya kupumulia mzee alisema hataki, nao wakacheka, wakadhani anawafurahisha, maana alikuwa akiwafurahisha tangu afike. Walipomtazama vizuri wakaona hafanyi mchezo. Walijitahidi kwa kila namna. Muuguzi alikuwa akilia, na kinyozi akajikuta anambembeleza, anamwambia si kosa lako dada, ndivyo alivyokuwa, alikuwa anachekesha hata asipotaka.

Alimwambia mama. Mama alikaa chini palepale mlangoni, akavua kilemba chake akakishika mikononi kama asiyejua ni cha nani.

Mdogo wake ndiye aliyesema watu waambiwe. Kinyozi akaandika maneno machache: baba yangu amefariki leo, tunaomba mtuombee. Akayaweka pale palipokuwa pakiwekwa vichekesho, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Aliiweka simu kifudifudi, akaenda kumshika mama. Aliporudi kuitazama, majibu yalikuwa yanamiminika kama mvua, na yote yalikuwa vicheko. Nyuso za kucheka hadi machozi, safu kwa safu. Mzee kaanza tena. Safari hii mmetuweza. Na chini yake, mara baada ya mara, watu wasiojuana wa miji asiyoijua wakiandika neno lilelile moja:

"Mwambie chai iko tayari."

Aliandika tena kwamba ni kweli. Wakacheka zaidi, wakamsifu kwa kuigiza bila kuvunja mchezo. Hata kwenye kundi la ukoo, kati ya poleni na Mungu amrehemu, shangazi mmoja mzee aliyekuwa anatafuta alama ya kulia alibonyeza vibaya, ukatokea uso wa mzee umepinda mdomo, unakataa. Shangazi hakujua kuufuta. Ukabaki hapo, na rambirambi zikaendelea kushuka chini yake.

Mazishi yalikuwa ya haraka, ya watu wa kuhesabika, waliosimama mbalimbali kama miti iliyopandwa. Barabara za kutoka mji hadi mji zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo mdogo wake hakuweza kufika. Kinyozi alimpigia kwa video, akainua simu ili aone. Katikati ya udongo kuanguka alishtukia anasogea hatua kando, anatafuta mahali ambapo jua halitaunguza picha. Mikono ilikuwa imezoea. Alitaka kuiteremsha simu, akamsikia mdogo wake upande wa pili akimwomba asiishushe, kaka, tafadhali, usishushe. Akaishikilia hivyohivyo hadi mkono ukafa ganzi, wakati picha upande wa pili ilikuwa imeshaganda zamani.

Jirani mmoja ndiye aliyewafanya watu waamini, alipoweka picha ya kaburi. Hapo mtandao ukageuka. Waliocheka waliomba radhi, wengine kwa maneno ya kweli na marefu. Wachache walisema familia inatafuta umaarufu kwa kifo. Kisha wakaanza kumuaga kwa njia wanayoijua wao: vijana walivaa makoti meupe, wakajichora ndevu kwa poda, wakakunja uso na kusema sitaki. Kulikuwa na kizee wa kike aliyevaa shuka la mumewe, na mtoto aliyekuwa bado hajui kutamka vizuri. Mtu fulani aliziunganisha zote kwa muziki wa taratibu. Mama aliiona ikichezwa kwenye simu ya jirani, akamuuliza mwanawe hawa ni nani wanaomwigiza mume wangu.

"Wanamlilia, mama."

"Wanalia kwa kucheka?"

Alifikiri jibu. Akasema ndiyo, ndivyo wanavyojua. Mama akatikisa kichwa, akasema basi Mungu awabariki, lakini asionyeshwe tena.

Maduka yalifunguliwa. Wateja walirudi na nywele za miezi, na wengi walitaka kupiga picha kwenye kiti, wakiamini ni kile cha mzee. Kinyozi hakuwaambia kwamba kwenye video mzee aliketi kigodani sebuleni. Kampuni moja ya vipodozi ilimpigia ikamwomba atafute mzee mwingine waendelee, wao wangelipa vizuri. Alisema hapana kwa adabu. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa kimeota kichaka, hadi kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye walikuwa washindani tangu zamani, alivuka na mashine yake akamwambia kaa. Alikaa. Mkono huo ulikuwa mwepesi na haukumchuna hata mara moja, naye akalia kwa sababu hiyo, yule mwenzake akawa anampangusa nywele shingoni kama kwamba haoni.

Siku moja mama, akichambua maharage, akamwomba jambo. Hakutaka vile vichekesho. Alitaka kumsikia mzee akiongea tu, kama alivyokuwa akiongea na mwanawe wakisubiri mwanga. Alikuwa akiwasikia kutoka jikoni, akasema, na hakutaka kuingilia, kwa jinsi alivyokuwa ameisubiri siku hiyo.

Kinyozi aliitafuta simu yote. Alikuta sitaki, na sitaki, na sitaki. Ilibidi aseme.

"Nilivifuta, mama. Simu ilikuwa inajaa."

Mama aliendelea kuchambua maharage. Alitoa kijiwe, akakiweka kando. Hakumlaumu, na kinyozi angeona afadhali alaumiwe. Yale ambayo baba yake alimwambia yeye, mwanawe, alikuwa ameyafuta kwa kidole chake mwenyewe. Dunia nzima ilibaki na uso ambao mzee aliuvaa kwa mchezo.

Barabara zilipofunguka mdogo wake alikuja, na kabla hata hajafungua mizigo akasema amepekua kila alichotumiwa. Vipande vyote vilikuwa vimeshakatwa, isipokuwa kimoja ambacho kaka yake alikituma kizima kwa bahati mbaya na hakikufaa kitu, kwa kuwa simu ilikuwa imelala chali mezani. Waliketi watatu. Kwenye kioo cha simu palionekana dari tu, na kona ya kivuli cha mtu kikipita. Kisha sauti ya mzee, ya kawaida kabisa, haina mchezo wowote.

"Mama yake, hivi huyu mwanao amekula? Namwona anakonda."

Sauti ya mama, kutoka mbali: "Muulize mwenyewe. Si mnaongea siku hizi?"

Kiti kikasogezwa. Halafu karibu zaidi, kwa sauti ya mtu anayejaribu kitu ambacho hajakizoea:

"Wewe. Umekula?"

Na sauti ya kinyozi mwenyewe, ya haraka, ya mtu anayetafuta kopo la poda: "Subiri kwanza, baba, naiweka simu sawa."

Dari ikayumba, video ikaishia hapo. Kinyozi hakukumbuka kitu chochote cha siku hiyo, wala kuulizwa, wala kujibu. Mama aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Mara ya mwisho alikuwa amefumba macho, midomo inafuatisha maneno.

"Hukumjibu," akasema. Hakuwa anamkaripia. Alikuwa anasema kilichotokea.

Akainuka kwa kujishika magoti, akaenda jikoni, wakasikia kifuniko cha sufuria. Akarudi na sahani imejaa, akaiweka mbele ya mwanawe, akaketi kumtazama. Kinyozi hakuwa na njaa. Alinawa, akala chote, tonge kwa tonge, hadi sahani ikawa nyeupe.